Na huku kushoto umechora watu wangapi?

Stephen Jay Gould alifariki Mei 20, 2002, jijini New York. Siku hiyo mimi nilikuwa kidato cha pili hapa Dodoma, na nina hakika jioni yake nilikuwa kwenye foleni ya ndoo, maana mwaka ule bomba la mtaani kwetu lilitoa maji kwa mbinde. Jina lake sikuwa nimewahi kulisikia. Nilikutana naye miaka saba baadaye, Dar es Salaam, kitabu chake kikiwa kimelazwa kwenye turubai pembeni ya barabara, kati ya Biblia iliyochakaa na kitabu cha uhasibu. Muuzaji alitaka elfu tano. Nikampa elfu tatu na mia tano, nikapanda basi la kurudi Dodoma. Gari liliposimama Morogoro watu wakashuka kula, mimi nikabaki kwenye siti nasoma habari za kidole gumba cha panda, yule dubu mweusi na mweupe wa China.

Kwa ambaye jina hili ni geni: Gould alizaliwa 1941 huko Queens, New York, akawa mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika kwenye miamba, na profesa wa Harvard. Viumbe alivyovichimba kwa undani ni konokono wa nchi kavu wa Bermuda na Bahamas. Umaarufu wake lakini haukutokana na konokono. Kuanzia Januari 1974 hadi Januari 2001 aliandika makala kila mwezi kwenye jarida la Natural History, makala 300, hakuruka hata mwezi mmoja, na katikati ya miaka hiyo aliugua saratani. Mimi andalio la somo la wiki moja tu hunitoa jasho.

Kitabu nilichonunua ni The Panda's Thumb, cha 1980, na hoja yake ya kwanza bado naitumia darasani. Panda anashika mianzi kana kwamba ana kidole gumba kama chetu. Ukihesabu vidole vyake utakuta ni sita. Vitano ndivyo vya kawaida, kama vya dubu yeyote. Hicho cha sita si kidole, ni mfupa wa kifundo cha mkono uliokua ukawa mrefu. Sisi tumezoea kuambiwa kwamba kinachothibitisha mageuko ya viumbe ni jinsi viumbe walivyokamilika. Gould akasema hapana, ukamilifu hauthibitishi chochote, fundi yeyote hodari angeweza kuuleta. Angalia viraka. Kiraka ndicho kinachokuambia nguo ilikuwa na historia.

Jambo lake jingine lililowaudhi wenzake lilitoka mwaka 1979, akiandika na mwanabiolojia mwenzake, Richard Lewontin. Walisema wanabiolojia wana tabia ya kukuta kiungo chochote kwenye mwili wa kiumbe na papo hapo kukitungia kazi: hiki kimeumbika kwa ajili ya hili, kile kwa ajili ya lile. Mfano wao ulikuwa kanisa la Venice, pale pembe zinapojitokeza zenyewe ukishaweka kuba juu ya matao. Wachoraji wakaja kuzipamba vizuri mno hadi mtu anadhani kanisa zima lilijengwa ili zile pembe zipate kupambwa. Mimi wanafunzi wangu siwapeleki Venice. Nawapeleka mjini. Tangu serikali ihamie Dodoma maghorofa yameota kama uyoga, na karibu kila ghorofa, chini ya ngazi, kuna wakala wa fedha za simu na kimeza chake, mwavuli umekunjwa pembeni. Anaenea pale utadhani alipimiwa. Lakini hakuna fundi aliyejenga ngazi ili wakala apate pa kukaa.

Kichaka, siyo ngazi

Nikitaja ngazi nakumbuka kitu kinachonichosha. Mada ya mageuko tunaifundisha kidato cha nne, na kila mwaka, kabla sijageuka kutoka ubaoni, kuna mtoto ameshachora ile picha: nyani anainama, anayefuata anainuka kidogo, mwingine ananyooka, wa mwisho mzungu mwenye mkuki. Gould aliichukia picha hiyo. Katika kitabu chake cha 1989, Wonderful Life, aliitumia kuonyesha jinsi tunavyodanganywa na macho: tunauona uhai kama ngazi inayopanda hadi kwetu, wakati uhai ni kichaka chenye matawi mengi, na mengi yake yamekauka.

Ushahidi wake tunao wenyewe, na tunaufundisha vibaya. Mtoto wa Kitanzania anaingia kidato cha kwanza anakaririshwa kwamba Julai 1959 fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa Oldupai, na anatoka pale akijua kwamba Zinji ndiye babu yetu wa kwanza. Fuvu alilipata Mary Leakey, umri wake ni kama miaka milioni 1.75, na huyo Zinji hakuwa babu wa mtu yeyote aliye hai. Alikuwa wa tawi la pembeni, mwenye magego makubwa ajabu, na tawi lake lilikatika. Palepale Oldupai, enzi zilezile, waliishi viumbe wengine ambao mwaka 1964 walipewa jina la Homo habilis. Majirani wawili wa aina mbili, bonde moja. Nikiwaambia hivyo wanafunzi, kwanza wananyamaza, halafu mmoja lazima aulize, "Sasa Ticha, kwenye mtihani tuandike nini?"

Nawajibu, andikeni kilichomo kwenye vitabu. Swali hilo linanishinda kila mwaka.

Mabishano yake makubwa nitayapitia haraka, kwa sababu yalishaandikwa mno na wenye majina. Mwaka 1972 yeye na Niles Eldredge, mtaalamu mwenzake wa visukuku, walisema visukuku havionyeshi mabadiliko ya polepole yasiyokoma. Vinaonyesha spishi zikikaa vilevile muda mrefu sana, kisha mabadiliko yanakuja kwa kasi, kwa hesabu za kijiolojia. Wapinzani wakasema hilo si jipya, mengine wakayaita kelele. Ukitaka kuona maumbile yakienda kasi nenda Ziwa Victoria ukaulize habari za furu: mamia ya spishi za samaki hao wadogo, katika ziwa ambalo wanajiolojia wanasema lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita. Mpinzani wake maarufu kuliko wote, mwanabiolojia Richard Dawkins, alizaliwa mwaka uleule wa 1941, na alizaliwa Nairobi, jambo ambalo huwa linawafurahisha wanafunzi wangu kuliko hoja zake. Na mwaka 1995 John Maynard Smith, mmoja wa wanabiolojia wakubwa wa Uingereza, aliandika kwamba wataalamu alioongea nao wanamwona Gould kama mtu mwenye mawazo yaliyochanganyikana kiasi cha kutostahili kushughulikiwa, ila hawataki kumsema hadharani kwa kuwa walau yuko upande wao dhidi ya wanaopinga mageuko. Maneno hayo ni ya sumu, hasa ukizingatia kwamba mwaka 1981 Gould alisimama mahakamani Arkansas kutoa ushahidi dhidi ya sheria iliyotaka uumbaji ufundishwe sambamba na mageuko kama sayansi.

Kuhusu dini, alipendekeza mwaka 1997 kwamba sayansi na imani kila moja ina himaya yake na hazina sababu ya kuvukiana mpaka. Pendekezo la kistaarabu. Lakini jaribu kulitekeleza kwenye darasa la wanafunzi 74, dirishani kunasikika adhana, na dawati la mbele amekaa mtoto wa mchungaji.

Daftari la Mzee

Nilitaka kuandika habari za Gould tangu 2018, na kila nikianza nakwama hapa.

Baba yangu alikuwa bwana shamba. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu Chamwino, akalima uwele na karanga, na kila mvua iliponyesha alitoka asubuhi kwenda kusoma kipima mvua: bomba la plastiki lenye mistari, limefungwa kwa waya kwenye nguzo nyuma ya nyumba. Namba aliiandika kwenye daftari kubwa la kaunta. Novemba 2017 ugali ulianza kumkwama kooni. Mwanzo alidhani ni uzee, akawa anausindikiza kwa mlenda mwingi zaidi. Baadaye ukapita uji tu. Tulipofika hospitali, na baada ya kipimo cha kuingiza kamera kooni, daktari akaniita mimi pembeni, akasema ni saratani ya umio, na wengi katika hali hii wanakwenda kama miezi sita.

Hapo nikamkumbuka Gould. Julai 1982 aligunduliwa kuwa na mesothelioma ya tumboni, saratani inayohusishwa na vumbi la asbesto. Alipomuuliza daktari wake asome nini kuhusu ugonjwa huo, akajibiwa kwa upole kwamba hakuna la maana la kusoma. Akaenda maktaba, akaelewa kwa nini: vitabu vilisema haina tiba, na mediani ya kuishi baada ya kugunduliwa ni miezi minane. Mediani ni hivi: wapange wagonjwa wote mstari mmoja, kuanzia aliyewahi kufa hadi aliyechelewa, yule aliyesimama katikati kabisa, muda wake ndio mediani. Mwaka 1985 Gould aliandika makala fupi kuhusu kilichofuata kichwani mwake. Miezi minane siyo hukumu, alisema, ni mahali tu pa mtu wa katikati. Nusu wanaivuka. Na kwa kuwa kushoto kuna ukuta, mtu hawezi kufa kabla ya sifuri, huku kulia hakuna ukuta, mstari wa wale wanaovuka unaweza kuwa mrefu sana, kama mkia. Alikuwa kijana, ugonjwa ulionekana mapema, matibabu alikuwa nayo. Akajiona yuko mkiani. Aliishi miaka 20, na kilichomuua ni saratani nyingine.

Makala ile wagonjwa wameipitisha mkono kwa mkono miaka yote hii. Mimi nikaipeleka Chamwino.

Nilikaa na Baba kwenye kigoda chini ya mwarobaini, nikaomba daftari lake la mvua, nikachora kwenye ukurasa wa mwisho. Mstari unaopanda haraka kushoto, halafu unateremka taratibu kwenda kulia, taratibu, hadi ukingo wa karatasi. Nikamweleza yote, kwa sauti ya mwalimu, bila shaka kwa sauti ya mwalimu. Akavaa miwani, akaliweka daftari mbali kidogo na macho.

"Huu mkia umeuchora mrefu."

"Ndivyo ulivyo, Baba."

"Na huku kushoto umechora watu wangapi?"

"Nusu."

"Nusu." Akaupitisha ukucha kwenye ule mlima mdogo wa kushoto. "Mbona umewabana hivi kama abiria wa daladala?"

Sikuwa na jibu. Akanirudishia kalamu. Akaniambia kwamba kwa miaka thelathini na moja ya kazi alitaja wastani wa mvua ya Dodoma kwenye kila mkutano wa kijiji, milimita mia tano na kitu, na kwamba mwaka wenye huo wastani hajawahi kuuona. Kuna mwaka mvua inakata Januari, uwele unafia shambani ukiwa umefika magotini. Kuna mwaka inazidi na njia ya Hombolo inapotea. "Huo wastani wenu nimeusema sana," akasema, "ila shamba linanyeshewa mvua ya mwaka wake." Kisha akaomba uji.

Aliishi wiki kumi na moja.

Nilimkasirikia Gould kwa muda mrefu, na najua haikuwa haki. Hakuna mahali aliposema kila mtu atakuwa mkiani. Nusu ya kushoto ameitaja, ipo kwenye hesabu yake, nimerudi kuisoma mara kadhaa kuhakikisha. Lakini makala nzima imeandikwa na mtu aliyevuka, kwa furaha ya aliyevuka, na msomaji anayehitaji tumaini haoni kingine. Aliyekufa mwezi wa pili hakuandika makala. Yaani hata mtu aliyetumia maisha yake kutuonya tusiitazame namba moja tukaacha mtawanyiko wote, alipofika kwenye mtawanyiko wake mwenyewe aliangalia upande mmoja. Mimi nikaangalia alikoangalia yeye. Mzee wa Chamwino, aliyesomea kilimo cheti, ndiye aliyeangalia kote.

Mbegu na risasi

Nafikiri ndiyo maana kisa cha mafuvu hakinishangazi tena.

Kitabu cha Gould chenye kelele kuliko vyote ni The Mismeasure of Man, cha 1981, kuhusu watu waliotaka kupima akili za jamii za binadamu na kuzipanga juu na chini. Mshtakiwa wake mkuu ni Samuel Morton, daktari wa Philadelphia aliyefariki 1851 akiwa amekusanya mafuvu yapatayo elfu moja. Morton alijaza mbegu ndani ya fuvu, akazimimina kwenye chombo, akasoma ujazo. Wazungu aliwakuta juu, Waafrika chini. Baadaye aliona mbegu si za kuaminika, akahamia risasi ndogo za bunduki, na wastani wa kila jamii ukapanda, ila wa mafuvu ya Waafrika ndio uliopanda kwa hatua kubwa zaidi. Gould akaona hapo ndipo mchezo ulipo. Mbegu zinashindilika. Mtu asiye mwongo kabisa, anayeamini tu kile anachotarajia, anaweza kuzibonyeza kwa kidole gumba kwenye fuvu la Mzungu na kuziacha zilegee kwenye la Mwafrika, na asijue amefanya hivyo.

Hadithi tamu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga meza. Ila kile kidole gumba hakuna aliyekiona, Gould alikikisia. Na mafuvu yenyewe hakuyapima. Alifanya kazi na namba zilizochapishwa.

Mwaka 2011 wanaanthropolojia sita wakatangaza kwamba wamepima upya mafuvu zaidi ya mia tatu kati ya yale. Vipimo vya Morton, wakasema, kwa sehemu kubwa vilikuwa sahihi, na aliyeingia na jibu lake mfukoni ni Gould. Unaweza kufikiria furaha ya waliokuwa wakimsubiri! Wengine wakajibu kwamba Gould alikosea baadhi ya mambo, ila kiini cha hoja yake kimesimama. Mwaka 2018 Paul Wolff Mitchell, aliyerudi kwenye kumbukumbu za Morton zilizoandikwa kwa mkono, akaleta jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Katika miaka ileile ya 1830 kulikuwa na Mjerumani, Friedrich Tiedemann wa Heidelberg, aliyepima mafuvu ya jamii mbalimbali kwa kuyajaza mbegu za jamii ya uwele. Namba zake hazikuwa mbali na za Morton. Lakini Morton alitazama wastani, akaziona ngazi. Tiedemann alitazama mtawanyiko, akaona jamii zinaingiliana kiasi kwamba hakuna wa juu wala wa chini, na akatumia hayo kupinga utumwa.

Kwa hiyo upendeleo haukuhitaji kidole gumba. Mtu anaweza kupima kwa uaminifu, akaandika namba sahihi, na bado akapotoka pale anapoamua ni namba ipi kati ya hizo ya kuisoma kwa sauti.

Namba hizo si za Wamarekani peke yao. Mwaka 2019 tulikodi Coaster, tukawapeleka wanafunzi Kalenga, nje kidogo ya Iringa. Tulipita Mtera, tukanunua samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye gazeti, wakatunukia ndani ya gari hadi mwisho wa safari. Kalenga kuna fuvu la Mkwawa, mtwa, yaani mtawala, wa Wahehe, aliyewapiga Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kujiua Julai 1898 badala ya kukamatwa. Kichwa chake kilikatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu, cha 246, kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu hilo, katikati ya vifungu vya mipaka na fidia za vita kuu. Halikurudi hadi 1954.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu alisimama mbele ya kioo muda mrefu.

"Mwalimu, walijuaje kama ni lake?"

Nikamweleza ninachokijua. Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda makumbusho ya Bremen, ambako kulikuwa na mafuvu 2,000, na 84 kati yake yalitoka huku kwetu. Wakachagua yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kati ya hayo, moja lilikuwa na tundu la risasi.

"Kwa hiyo na ndugu zake walipimwa vichwa?"

"Ndiyo."

Akatazama tena kioo, kisha akajishika kichwa kwa mikono miwili, kiganja kimoja kila upande, kama anayekisia upana wake. Sidhani alijua kama namwona. Nami nikawa nawaza wale wengine 83. Kila mmoja alikuwa na mama. Walibaki kwenye rafu kwa sababu uwiano wa upana na urefu wa vichwa vyao haukukaa karibu na wa ukoo wa mtwa, au kwa sababu risasi haikuwapitia kichwani. Ni kipimo kilekile cha watu waliotaka kutupanga juu na chini, na ndicho kilichomrudisha mtu wetu nyumbani, kama ni yeye. Gould angekuwa hai ningependa kusoma makala yake kuhusu kifungu cha 246. Angeanza na kitu kidogo, pengine lile tundu, na angefika mbali, na katikati ya safari angekuwa ameshaamua jibu, na mimi ningemsoma hadi mwisho bila kushuka Morogoro.

Mwaka jana nililichukua daftari la Mzee nikaliingiza kwenye kompyuta, misimu yote kumi na miwili. Kazi ya likizo. Kuna jambo likanigonga. Siku alizosoma yeye, namba zinaishia mno na sifuri au tano: 15, 20, 35. Siku alizokuwa safarini mama ndiye aliyesoma, na namba za mama zinaishia popote: 7, 12, 18. Na kuna wiki moja ya Januari 2016, Baba yuko nyumbani na homa, ambayo wameandika wote wawili, safu mbili, mvua ya siku saba. Katika siku sita kati ya saba, ya Baba ni kubwa. Milimita moja, mbili, siku moja tatu.

Moyo ulinienda mbio. Bwana shamba aliyetaka mvua, nikawaza. Mtu mwaminifu, asiyejua anafanya nini. Kidole gumba! Nikaanza hata kutunga aya yake kichwani, ilikuwa aya nzuri sana, na nilipofika Chamwino nikamwambia mama kabla sijaweka begi chini.

Mama alikuwa anapepeta. Aliupeleka ungo mara mbili tatu kabla ya kunijibu.

"Mgongo," akasema. "Baba yako alikuwa hainami. Alikuwa anayasoma maji kutoka juu akiwa amesimama."

Na ni kweli: ukiyatazama maji ya kipimo kutoka juu, mstari wa jicho unapita kwenye namba kubwa zaidi. Nawafundisha hilo watoto kila Januari, maabara, na silinda ya kioo. Za kuishia na sifuri na tano, akaongeza mama, ni miwani. Ile ya zamani ilivunjika na hakutaka nyingine.

"Lakini mvua aliipenda," nikasema.

"Aliipenda. Na mgongo ulimuuma."

Usiku ule ikanyesha, mvua ya Dodoma, kelele nyingi kwenye bati na robo saa kwisha. Alfajiri tukatoka wote wawili hadi kwenye nguzo. Nikapiga goti kwenye tope mpaka jicho likalingana na maji, nikasoma 11. Mama akachuchumaa palepale, akasukuma bega langu pembeni, akatazama.

"Kumi," akasema.

Nikaandika zote mbili.